Meli inaondoka Kilindini saa kumi na mbili jioni, kwa nini watake tuingie kabla ya saa nane mchana? (Na mama nimpakie nini?)

#1 Kifungua_Mimba
Wakuu, salamu.

Dada yetu aliyeolewa Rotterdam amemlipia mama safari ya meli ya kitalii, zawadi ya kustaafu ualimu. Inapandiwa Mombasa, Kilindini, inapita Zanzibar na Madagaska, inamalizia Morisi, tunarudi kwa ndege. Mimi ni msindikizaji. Yaani nalala bure, nakula bure, ila lawama zote ni zangu.

Karatasi ya safari inasema meli inang'oa nanga 18:00, lakini abiria wote wawe ndani kabla ya 14:00. Saa nne nzima! Mimi nimezoea basi linaloondoka huku abiria wa mwisho ananing'inia mlangoni. Mpango wangu ulikuwa treni ya saa mbili asubuhi kutoka Nairobi siku hiyohiyo, mama nimchukulie Voi maana kwao ni Wundanyi, tufike Miritini kama saa nane hivi, tuingie bandarini saa tisa. Je, hawa watu wanakaza kweli au wanatisha tu?

La pili: mama ana miaka 66, ana presha, na chombo kikubwa cha majini alichowahi kupanda ni feri ya Likoni. Nimpakie nini?

Nawasilisha.

#2 Mzaramo_wa_Mjini
Mkuu, nafasi ya kusindikiza imeshajaa au bado mnatafuta mpwa wa kambo? Mimi mwembamba, natosha kwenye begi.

#3 Mja_wa_Likoni
Futa kabisa habari ya treni ya siku hiyo. Hiyo ya saa mbili ndiyo inayosimama kila mahali: Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Mariakani. Ikifika Miritini bado hujatoka kituoni, bado hujapatana na mwenye teksi ambaye ameshayaona masanduku yenu na kukuongezea bei moyoni. Halafu mnapita Changamwe katikati ya malori ya kontena mpaka daraja la Makupa. Siku nzuri ni dakika arobaini. Siku mbaya mama atazimaliza tasbihi zote.

Njoo siku moja kabla. Mama naye apande matatu ya Voi–Mombasa, asubuhi tu ameshafika, alale apumzike. Na mwambie dereva "Kilindini" kwa sauti. Nimeona wageni wakipelekwa Bandari ya Kale kule nyuma ya Fort Jesus kwa sababu walisema "bandarini" tu. Mwenye tuktuk hana kosa, bandari si ziko mbili?

#4 Kuli_Mstaafu
Mwanangu, nimekaa gatini miaka thelathini na moja, nikueleze. Meli haiendi kwa saa ya ukutani, inaenda kwa maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na bamvua hapa kwetu hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Maji yakianza kupwa, yanatoka kwa nguvu pale mlangoni. Nahodha akiambiwa na rubani wa bandari "twende sasa", hamngoji mama wa Wundanyi wala wa Buckingham. Ndiyo maana wanajiwekea nafasi mapema.

#5 Rubani_wa_Sebuleni
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo nakataa. Jina lenyewe Kilindini, penye kilindi. Mlango ulichimbwa ukafika mita 15 hivi mwaka 2012 ili meli za kontena ziingie. Meli ya kitalii ni ghorofa refu juu, chini haizami hata mita 9. Maji yajae yapwe, inapita. Kungoja maji ni mambo ya majahazi.

#6 Kuli_Mstaafu
Marahaba. Wewe unasema kina, mimi nasema mkondo. Ghorofa refu juu ni tanga hilo, upepo unalisukuma. Ulishawahi kushika kamba ya meli ikiwa upepo na maji vinavuta kila kimoja upande wake? Basi rudi sebuleni.

#7 Mja_wa_Likoni
Hahaa. Mimi ninachojua, meli kubwa ikipita mlangoni, feri husimama. Tunakwama pale na baiskeli, ndoo za samaki na watoto wa shule, tunaangalia wazungu wanatupungia mikono kutoka ghorofa ya tisa. Kifungua_Mimba, mkipita mpunge. Tutakuwa tumechelewa kazini kwa ajili yenu.

#8 Muhuri_wa_Kutoka
Maji hayahusiki, mkondo hauhusiki. Ni karatasi. Nilifanya kazi za uwakala wa meli kwa muda. Kabla meli haijaachia kamba, orodha ya abiria lazima iwe imefungwa: nani kaingia, nani hakuja, pasipoti za nani zimegongwa muhuri. Orodha hiyo inapelekwa uhamiaji wa hapa na inatangulia kwa wakala wa bandari inayofuata. Jina moja likizidi au likipungua, mnaanza kuhesabu upya, na meli iliyofungwa gatini inalipa kwa saa. Saa nne hazitoshi hata kidogo ukiwa na abiria elfu mbili na maafisa wachache mezani.

Halafu Kifungua_Mimba, nina hakika hujauliza hili: mama ana pasipoti, siyo? Maana kuna Wakenya wanadhani kitambulisho kinatosha Zanzibar kwa sababu kinatosha Uganda na Rwanda. Tanzania hakitoshi. Na iwe na uhai wa miezi sita mbele, tena na kurasa tupu.

#9 Baharia_Mkavu
Nafanya kazi ya kuhudumia mezani kwenye meli za aina hiyo, huu ni mkataba wa nne. Wote mmekosa kidogo.

Kuna zoezi la usalama. Kila abiria lazima aende kituo chake cha kukusanyikia, aoneshwe jaketi la kuokolea na aijue king'ora. Zamani sheria iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kuondoka. Ndipo Januari 2012 Costa Concordia ikapasuka kwenye mwamba wa Giglio, Italia, wakafa watu 32, na mamia waliopanda jioni hiyohiyo hawakuwa wamefanya zoezi. Tangu 2015 ni lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Sasa abiria akiingia saa kumi na moja na nusu, nani atamfundisha wakati wote tuko kwenye kamba na milango?

#10 Rubani_wa_Sebuleni
Zoezi linachukua nusu saa, ndugu yangu. Zile saa tatu na nusu zilizobaki zinaenda wapi?

#11 Baharia_Mkavu
Zinaenda kwenye kumtafuta mzee aliyejifungia chooni ili asifanye zoezi.

#12 Ticha_Nane
Kabla hamjaendelea, kuna jambo dogo linaloangusha watu wazima: saa yenyewe. Mjomba wangu alitumiwa ujumbe na wakala wa boti ya kwenda Unguja: "boti 10.00". Akaelewa saa kumi jioni. Akala pilau la harusi taratibu, akaoga, akafika gatini saa tisa na nusu anatabasamu. Boti ilishaondoka tangu saa nne asubuhi, ilishafika, na ilishaanza kurudi.

Kwa hiyo Kifungua_Mimba, mwandikie mama kwa kalamu nyekundu: SAA NANE MCHANA. Usimwachie ile 14:00, atakuuliza saa kumi na nne ni saa ngapi na utashindwa kujibu kwa heshima.

Na kuna saa ya tatu, ya meli. Hapa Mombasa na Zanzibar ni ileile, lakini Morisi wako mbele saa moja. Mkishuka kutembea, fuateni ile inayotangazwa melini, msifuate simu.

#13 Mzaramo_wa_Mjini
Ticha, mjomba alirudishiwa nauli?

#14 Ticha_Nane
Alirudishiwa pilau.

#15 Rubani_wa_Sebuleni
Na mkidhani wanatisha tu, someni ya Machi 2024. Norwegian Dawn, ambayo na kwetu huku imewahi kuja, ilikuwa São Tomé. Abiria wanane, Wamarekani sita na Waaustralia wawili, walishuka na matembezi yao ya kujitafutia wenyewe, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti mpaka ubavuni mwa meli, meli bado imetia nanga, wanaiona kwa macho. Wakakataliwa. Meli ikaenda zake. Wakarukaruka nchi baada ya nchi kuifukuzia, wakafika Gambia, meli ikashindwa kuingia Banjul kwa sababu maji yalikuwa yamepwa. Wakaikamata Senegali.

#16 Kuli_Mstaafu
Narudia kwa wasiosikia: *maji yalikuwa yamepwa.*

#17 Rubani_wa_Sebuleni
Mzee, hiyo ni Banjul!

#18 Kifungua_Mimba
Nawashukuru. Treni nimeifuta, tunakuja siku moja kabla.

Sasa tatizo ni sanduku. Jana nilikuwa Wundanyi. Mama ameshapakia, safari bado karibu miezi miwili. Ndani kuna: pasi ya umeme (anasema hawezi kukaa mezani na wazungu kitenge kikiwa na mikunjo), ile koili ya kuchemshia maji kwenye kikombe, kilo mbili za unga wa wimbi, njugu alizokaanga mwenyewe kwenye kopo la mafuta ya kupikia, parachichi sita ambazo "zitaivia njiani", Biblia, na hotipoti. Nimemuuliza hotipoti ya nini. Akasema: "Kwani chakula kikibaki?"

#19 Mama_Pilau
Mama yako nimempenda bure. Hotipoti umwachie, lakini parachichi mle hapo Mombasa.

#20 Baharia_Mkavu
Pasi na koili vitakamatwa. Moto melini ndiyo hofu kubwa kuliko mawimbi, kwa hiyo chochote chenye waya unaopasha moto hakikai chumbani. Masanduku yote yanapita kwenye mashine. Likionekana lenye pasi, linawekwa pembeni, mwenyewe anaitwa chini kulifungua mbele ya mlinzi. Pasi inafungwa kikaratasi chenye namba ya chumba na kupangwa rafuni. Sisi tunaita jela ya pasi. Nimeona pasi sitini zimekaa mle zimeinamisha pua, utadhani zinasubiri hakimu. Siku ya kushuka unarudishiwa.

Kwa kitenge: akitundike bafuni aoge maji moto, mvuke utafanya kazi. Au apeleke kwa dobi wa meli, analipia.

Vyakula vya kupika nyumbani vinategemea meli, lakini matunda na nyama usishuke navyo bandari yoyote, forodha za visiwa ni wakali kuhusu wadudu na magonjwa ya mimea. Unga ukiwa kwenye pakiti iliyofungwa ya dukani hauna makelele. Ulio kwenye mfuko uliofungwa fundo, mweupe-mweupe hivi... mnaelewa. Mama wa watu asije akaelezea wimbi kwa mbwa wa kunusa.

Na hiyo mifuko ya plastiki aache nyumbani, Kenya ilipiga marufuku 2017, Tanzania bara 2019, Zanzibar walitangulia wote.

#21 Nesi_wa_Zamu
Naona mnacheka, mimi nina mambo mawili ya maana.

Dawa za presha ZISIINGIE sanduku kubwa. Sanduku kubwa mnalikabidhi pale chini na linakuja kuonekana mlangoni mwa chumba jioni, pengine usiku. Dawa, pasipoti, miwani na nguo moja ya kubadilisha vikae mkoba wa mkononi. Dawa ziwe kwenye maboksi yake na karatasi ya daktari, siyo ile ya kumimina vidonge vya rangi tano kwenye chupa moja ya asali. Chukueni za siku kumi zaidi ya safari.

La pili, homa ya manjano. Mnatoka Kenya, mnaingia Tanzania na visiwa, kadi ya njano mtaulizwa. Chanjo inaanza kuhesabika siku kumi baada ya sindano, kwa hiyo ile ya kukimbilia Ijumaa kwa safari ya Jumatatu haina kazi. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka kumi. Ila mama ana 66 na kama hajawahi kuchanjwa, sindano ya kwanza kwa mtu aliyevuka 60 daktari anaipima kwa makini, maana madhara yake makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kwa wazee. Akiona haifai anaandika cheti cha msamaha. Msiende kichochoroni kununua kadi.

#22 Kifungua_Mimba
Nesi, asante sana. Ya chupa ya asali umejuaje?

#23 Nesi_wa_Zamu
Nina mama pia.

#24 Mama_Pilau
Kuhusu kulevywa na bahari. Mnaondoka msimu gani? Kama ni Desemba mpaka Machi ni kaskazi, bahari yetu huku ni tulivu zaidi kuliko Juni na Julai kusi ikivuma. Mimi wa Tanga nimevuka kwenda Pemba kusi imekasirika, nikatapika mpaka jina langu. Tangawizi mbichi, atafune kidogokidogo kabla ya chombo kutikisika, siyo baada. Asikae na njaa, asishibe mno. Aangalie mbali pale mbingu na maji yanapokutana, asiangalie simu. Chumba cha chini katikati ya meli kinatikisika kidogo kuliko cha juu mbele, ingawa wenye pesa ndiko wanakokimbilia.

#25 Rubani_wa_Sebuleni
Kaskazi sawa kwa Mombasa na Zanzibar. Lakini ukishuka kuelekea Madagaska na Morisi, Novemba mpaka Aprili ndiyo msimu wa vimbunga. Chido ilipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024. Nahodha akibadilisha njia msilie.

#26 Mzamiaji_97
Mnazunguka mbuyu. Saa nne zile ni za kututafuta SISI.

Wadogo zangu hamjui. Miaka ya tisini pale Dar, Kurasini, kijana akisema "naenda kuzamia" nyumba nzima inajua. Unaingia usiku na wapakuaji, unajichimbia. Nilikaa nyuma ya mabomba siku mbili na biskuti na chupa ya maji, nikidhani naenda Ugiriki. Meli ikasimama, nikatoka kwa furaha, nikaona mnazi. Nikasema Ugiriki kuna minazi? Ilikuwa Tanga.

Tangu hapo meli haiachii kamba kabla ya kupekuliwa, maana mzamiaji akipatikana baharini ni gharama ya mwenye meli kumlisha na kumrudisha. Abiria wakiwa bado wanaingia na kutoka huwezi kupekua. Kwa hiyo wanafunga mlango, wanahesabu, wanapekua, wanaondoka. Hiyo ndiyo siri.

#27 Mja_wa_Likoni
Nimeanguka kitandani. "Ugiriki kuna minazi?"

#28 Mama_Pilau
Tanga karibu sana kaka. Ungebisha hodi ungepata chai.

#29 Muhuri_wa_Kutoka
Mzamiaji_97 ana hoja, lakini upekuzi na orodha ni kitu kimoja. Unapekua ili orodha iwe ya kweli. Narudi palepale: karatasi.

#30 Kuli_Mstaafu
Enzi zetu hapakuwa na haya. Nikiwa mdogo marehemu baba alinipeleka kuangalia Karanja na Kampala, meli za Bombay zilizopita Mombasa mpaka Durban. Abiria wa deki wanapanda na magodoro, masufuria na kuku wao. Harufu ya bizari unaisikia kabla hujaiona meli. Hakuna aliyenyang'anywa pasi.

#31 Mzaramo_wa_Mjini
Karanja wa Kiambu alikuwa na meli?!

#32 Kuli_Mstaafu
Karanja ni mahali huko India, mwanangu. Soma.

Halafu miaka ya tisini tulikuwa na Royal Star, makao yake hapahapa Kilindini, ikizungusha watalii visiwani. Baadaye wakaja maharamia. Novemba 2005 Seabourn Spirit ikiwa njiani kuja kwetu ilishambuliwa na Wasomali kwa roketi, ikageuza kwenda Ushelisheli. Miaka ile gati lilikuwa linaota kutu. Wauza vinyago wa Moi Avenue, pale kwenye pembe, walirudi mashambani. Kwa hiyo nyinyi mnaolalamikia saa nne, sisi tulilalamikia miaka isiyo na meli.

#33 Kifungua_Mimba
Mzee nimekuelewa. Nimepata ratiba kamili kutoka kwa dada, mniambie kama kuna la kuongeza: Mombasa, Zanzibar, siku moja baharini, Nosy Be (Madagaska), siku mbili baharini, Réunion, Port Louis.

#34 Muhuri_wa_Kutoka
SIMAMA HAPO.

Réunion! Uzi mzima unasema Madagaska na Morisi, Réunion imetokea wapi? Mna visa?

#35 Kifungua_Mimba
Madagaska nimesikia inapatikana mkifika, Morisi Mkenya haombi visa. Réunion ni Ufaransa, na sote wawili tuna visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara nyingi, tulikwenda kwa dada mwaka jana. Kwa hiyo tuko sawa?

#36 Mbeba_Boksi
Mko sawa. Naishi Lyon mwaka wa tisa. Réunion ni Ufaransa kamili, wanatumia yuro, wanapiga kura ya rais wa Paris. Ufaransa ni Ufaransa.

#37 Muhuri_wa_Kutoka
Ndugu wa Lyon, wewe una kibali cha ukaazi, ndiyo maana hukuwahi kusimamishwa. Réunion na Mayotte ni Ufaransa lakini HAZIMO Schengen. Visa ya Schengen inasema wazi ni ya nchi za Schengen. Kwa Réunion unaomba visa ya ng'ambo ya Ufaransa, na stika yake inataja huko. Sasa sikiliza vizuri, Kifungua_Mimba: tatizo halitawakuta Réunion. Litawakuta Kilindini. Meli haikubali kubeba mtu ambaye bandari mojawapo itamkataa, hata akiapa kwamba atabaki chumbani. Pale mezani wanafungua pasipoti yako na ratiba yao, wanapita bandari moja baada ya nyingine kwa kidole.

#38 Dada_wa_Parklands
Muhuri yuko sahihi, yamenikuta kwa ndege. Nilikuwa naenda harusi ya rafiki Saint-Denis, kulekule Réunion. Nina Schengen safi, mpya, inanukia. Binti wa kaunta akaishika, akaigeuza, akaita mkubwa wake, mkubwa akaita simu. Gauni la harusi mkononi. Ndege ikaenda. Kilichoniuma ni kwamba niliuliza kabla, tena mtu aliyeishi Ulaya, akaniambia "Ufaransa ni Ufaransa".

#39 Mbeba_Boksi
Nimenyamaza.

#40 Kifungua_Mimba
Mikono inatetemeka. Zimebaki wiki saba.

#41 Muhuri_wa_Kutoka
Wiki saba zinatosha ukiamka kesho. Ombeni kwa Wafaransa Nairobi, mwambatanishe tiketi ya meli yenye ratiba, tiketi ya ndege ya kurudi kutoka Morisi, barua ya dada. Mama aende mwenyewe alama za vidole. Na umwandikie wakala wa meli leo, umuulize kwa maandishi kila bandari inataka nini kwa pasipoti ya Kenya. Akijibu, chapisha, beba. Muulize pia bima ya Zanzibar, ile wageni walianza kudaiwa Oktoba 2024, kama kwa abiria wa meli wa siku moja imo kwenye nauli.

#42 Mzaramo_wa_Mjini
Mtani, ukikosa visa ile nafasi ya mpwa wa kambo bado...

#43 Mama_Pilau
Mzaramo, wewe hata visa ya Chumbe huna.

#44 Baharia_Mkavu
Wakati unasubiri visa: simu zizimwe data tangu Kilindini. Meli ina mtandao wake wa setilaiti, simu ikiushika bila wewe kujua, bili inaweza kumzidi mama pensheni. Melini hakuna M-Pesa, kila kitu ni kadi ya chumba na inahesabiwa kwa dola. Na bahashishi yetu inakatwa kila siku kwenye hiyo kadi. Msiende kuifuta kaunta, nitawajua.

#45 Kifungua_Mimba
Wakuu, mrejesho baada ya wiki nyingi. Naandika kutoka Port Louis, ndege ni usiku.

Visa zilitoka, ya mama wiki ya tatu, yangu siku tisa kabla ya safari. Chanjo mama alishawahi, kadi ilikuwa ndani ya Biblia. Tulilala Mombasa, tukafika Kilindini saa tano asubuhi, tukawa wa kumi na kitu kwenye foleni. Pale mezani ilikuwa kama alivyosema Muhuri, kidole kwenye ratiba: Zanzibar, sawa, Nosy Be, sawa, kikasimama Réunion. Akapindua kurasa. Akaona stika. Mbele yetu familia moja ilikuwa imekaa pembeni juu ya masanduku yao, baba anaongea na simu kwa sauti ya chini. Tulipopanda ngazi bado walikuwa pale.

Pasi ilikamatwa. Koili pia. Mama alishuka mwenyewe kwenye hiyo jela, akakuta pasi nyingine imelala na waya haujakunjwa, akaukunja. Mlinzi Mfilipino akamwita "mama" safari nzima. Hotipoti ilipita. Alikuwa anawekea maandazi ya asubuhi, anakula saa nne usiku. Hakutapika hata mara moja. Niliyetapika ni mimi, siku mbili za kwenda Réunion, yeye ananishikia ndoo na kunitafunisha tangawizi.

Mja_wa_Likoni, tulipunga.

#46 Mja_wa_Likoni
Niliona kitenge cha kijani ghorofa ya kati. Kilikuwa na mikunjo.

#47 Nesi_wa_Zamu
Presha?

#48 Kifungua_Mimba
Kupimwa kwa daktari wa meli ni dola, kwa hiyo amesema atapima Wundanyi. Yuko sawa.

#49 Rubani_wa_Sebuleni
Karibuni nyumbani. Sasa jibu swali la uzi: mlango ulifungwa saa nane kweli?

#50 Kifungua_Mimba
Hapo ndipo pa ajabu. Zoezi tulifanya saa tisa, likaisha. Tangazo likasema abiria wote wameingia. Walinzi wakapita na tochi mpaka nyuma ya maboya. Nikasema basi, Mzamiaji ameshinda. Saa kumi na robo nimesimama ukingoni na mama, tukaona tuktuk inakuja mbio mpaka chini ya ngazi, akashuka mzee mmoja mzungu ana mfuko wa korosho na kofia ya ukindu, hana hata haraka. Akapanda. Hakuna aliyemuuliza kitu. Meli ikatoka kumi na mbili kamili.

#51 Baharia_Mkavu
Huyo atakuwa rubani wa bandari.

#52 Muhuri_wa_Kutoka
Rubani wa bandari na korosho? Huyo ni abiria wa kutoka bandari za nyuma aliyeshuka kutembea, jina lake lilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo. Karatasi, nimesema.

#53 Mzamiaji_97
Au ni mwenzetu amezeeka.

#54 Kuli_Mstaafu
Kifungua_Mimba, usiku ule mlipotoka mwezi ulikuwaje?

#55 Kifungua_Mimba
Mpevu, mzee. Mama aliupiga picha.

#56 Kuli_Mstaafu
Haya.